Fedha za utafiti wa afya si za maprofesa tu

Tangu nilipogusia masomo ya uzamili kwa wauguzi tulioko Uingereza, maswali mawili yamekuwa yakirudi. La kwanza ni la wanafunzi, na mmoja wao aliliweka hivi: "Dada, mimi ni muuguzi wa kawaida, nafanya zamu na kusoma. Hizi fedha za serikali za utafiti wa afya na ubunifu, si za madaktari bingwa na maprofesa?" La pili ni la wazazi. Mama mmoja aliuliza kuhusu mtafiti aliyefika kwenye jumuiya yao ya Waswahili akiomba barua ya kumuunga mkono: wampe au wasimpe?

Nayajibu kwa pamoja kwa sababu ni maswali ya kitu kimoja. Anayeomba fedha hizo ndiye anayechagua nini kitachunguzwa na nani atahesabiwa. Sisi tukikaa mbali na maombi hayo, kama waombaji au kama washauri, majibu yatakayopatikana yatakuwa ya watu wengine, kisha yatatumika kututibu sisi.

Nitazungumzia zaidi England, kwa kuwa ndiko ninakofanya kazi. Walioko Marekani, na wenye ndoto ya kufanya utafiti nyumbani, nina maneno machache yao kabla ya kumaliza.

Fedha zenyewe ziko wapi

Mfuko mkubwa wa serikali kwa utafiti wa huduma za afya huku unaitwa kwa kifupi NIHR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Afya na Huduma. Ulianzishwa mwaka 2006, fedha zake zinatoka wizara ya afya, na kwa mwaka unatumia zaidi ya pauni bilioni 1. Hizo ni kodi. Ukitazama hati yako ya mshahara ukaona kilichokatwa, ujue na wewe umechangia.

Kuna pia Baraza la Utafiti wa Tiba, MRC, lenye historia inayoanzia mwaka 1913. Lenyewe huelekea zaidi kwenye sayansi ya chanzo cha magonjwa na kazi za maabara. NIHR huelekea kwa mgonjwa mwenyewe: dawa ipi inafaa zaidi, huduma ipi ipangwe vipi, kifaa gani kinasaidia, na kwa gharama gani. Kwa hiyo muuguzi, mkunga, mfamasia, mtaalamu wa lishe au wa mazoezi ya viungo, mlango wake wa kwanza kwa kawaida ni NIHR. Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini zina ofisi zao za utafiti wa afya, ingawa baadhi ya mipango ya NIHR inawahusu nao pia. Tangazo la kila mpango hueleza nani anaruhusiwa.

Magodoro na mabuu

Anayedhani maswali ya wauguzi ni madogo mno kwa fedha za serikali, namwambia habari ya magodoro. Mgonjwa akilala upande mmoja muda mrefu hupata vidonda vya mgandamizo, hasa kwenye makalio na visigino. Hospitali hununua magodoro ya hewa, yale ambayo vyumba vyake hujaa na kupungua kwa zamu. Kwa miaka mingi yalinunuliwa ya aina mbili, moja ya kutandikwa juu ya godoro la kawaida na nyingine inayochukua nafasi ya godoro zima, bila mtu kuwa na uhakika ipi inamkinga mgonjwa zaidi. Watafiti wakaomba fedha za serikali, wakawaingiza wagonjwa 1,972 katika hospitali 11, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Idadi ya waliopata vidonda haikutofautiana kwa maana yoyote, lakini godoro zima lilionekana kuelekea kuokoa fedha, na wagonjwa walilivumilia vizuri zaidi.

Miongoni mwa watafiti hao alikuwemo Nicky Cullum, muuguzi, ambaye baadaye alikuwa pia kwenye utafiti mwingine wa fedha za umma: je, mabuu ya nzi yanayowekwa kwenye kidonda cha mguu yanaharakisha kupona kuliko jeli ya kawaida? Wagonjwa 267 walishiriki, na matokeo yalitoka mwaka 2009. Mabuu yalisafisha nyama iliyokufa haraka zaidi, lakini kidonda hakikupona mapema zaidi, na wagonjwa waliumia zaidi. Mwaka 2013 Cullum alipewa heshima ya Dame kwa mchango wake katika utafiti wa uuguzi na vidonda.

Godoro na kidonda cha mguu ni vitu ambavyo kila muuguzi anayesoma hapa ameshavishika kwa mikono yake.

Kinachotuhusu sisi hasa

Sasa tubaki kwenye kidonda hichohicho. Dalili ya kwanza tuliyofundishwa ni wekundu usiopotea ukibonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo ni vigumu kuuona. Unatakiwa uguse, ulinganishe joto, ugumu na maumivu na sehemu ya jirani. Ukisubiri wekundu kwa bibi kutoka Tanga, huenda utakachokiona kwanza ni ngozi iliyokwisha kuchanika.

Mfano mwingine ni kile kifaa cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Tahadhari kwamba husoma vibaya zaidi kwa wagonjwa weusi ilichapishwa tangu mwaka 1990. Ilichukua miaka 30 hadi suala hilo lirudi kwa nguvu. Desemba 2020, wakati wa korona, watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walilinganisha kifaa hicho na kipimo cha damu ya mshipa. Katika vipimo ambavyo kifaa kilionyesha kiwango kinachoridhisha, cha asilimia 92 hadi 96, damu ilionyesha upungufu hatari wa oksijeni katika asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi, na asilimia 3.6 ya vipimo vya wagonjwa weupe. Serikali ya Uingereza ikaunda jopo huru chini ya Profesa Margaret Whitehead, na ripoti yake ya Machi 2024 ilikubali kwamba usawa wa vifaa vya tiba ni tatizo la kweli.

Kilichokosekana katika miaka hiyo 30 si elimu. Watu wa kuliuliza swali hilo kwa kusisitiza, wenye fedha za kulifuatilia, walikuwa wachache.

Na ipo lugha. Tafiti nyingi zimekuwa zikiandika kwenye masharti kwamba mshiriki lazima aelewe Kiingereza. Sababu yake huwa ya bajeti tu, kwa kuwa mkalimani ni gharama. Lakini sharti hilo dogo linamtoa baba aliyekuja kumlea mjukuu, mama aliyetoka kambini Kigoma baada ya kukimbia Kongo, na mzee wa Kibarawa aliyeko London miaka 20. Kisha matokeo hutumika kwao kana kwamba walikuwemo.

Upepo umeanza kugeuka. Tangu mwishoni mwa 2024, NIHR inamtaka mwombaji aeleze namna utafiti wake utakavyowajumuisha watu ambao kwa kawaida huachwa, na hilo limekuwa sharti la kupewa fedha. Gharama za wakalimani na tafsiri zinaruhusiwa kuingia kwenye bajeti. Kwa hiyo muuguzi anayejua Kiswahili na anayeaminika kwenye jumuiya yake ana kitu ambacho jopo linakitafuta.

Kutoka lalamiko hadi swali

Kosa ambalo wanaosoma maombi hulitaja mara kwa mara ni hili: mwombaji ana lalamiko zuri, lakini hana swali. "Wazee wetu hawaelewi dawa zao" ni lalamiko, na ni la kweli. Huwezi kulipima.

Lifanye kuwa swali kwa kujibu mambo manne: ni watu gani, utawafanyia nini, utalinganisha na nini, na utapima nini baada ya muda gani. Kwa mfano: Kwa watu wazima wenye kisukari cha aina ya pili wasiosoma Kiingereza vizuri, je, maelekezo ya sauti katika lugha yao, yakilinganishwa na kijitabu cha Kiingereza pekee, yanaongeza idadi ya wanaotumia dawa walivyoandikiwa baada ya miezi sita?

Utaona kwamba sikuandika "wazungumzaji wa Kiswahili" peke yao. Ni makusudi. Mtakwimu atakuuliza utapata wapi watu wa kutosha. Ukitegemea Waswahili wa mji mmoja tu, hesabu haitakubali. Ukishirikiana na Wasomali, Waarabu na Wabengali wenye tatizo lilelile, utafiti unasimama na Kiswahili kimo ndani. Au anza na utafiti mdogo wa kuonyesha kwamba jambo linawezekana: watu watakubali kushiriki? Sauti inaeleweka kwa Mkongo na kwa Mzanzibari sawasawa? Wangapi watabaki hadi mwisho? Fedha za kazi ndogo kama hiyo zipo, na mpango wa NIHR unaoitwa Research for Patient Benefit unaifadhili pamoja na tafiti kubwa zaidi.

Kabla ya hapo, tafuta kama swali limeshajibiwa. Kuomba fedha za umma kuuliza lililokwisha kujulikana ni njia ya haraka ya kukataliwa. Mkutubi wa hospitali au wa chuo atakusaidia kutafuta machapisho, na ni huduma ambayo wauguzi wengi hatuitumii.

Hakuna anayeomba peke yake

Jambo ambalo wengi hawalijui: fedha haziingii kwenye akaunti yako. Mwombaji rasmi ni taasisi, iwe hospitali, chuo au shirika, nayo ndiyo inayosaini mkataba na kusimamia hesabu. Kwa hiyo safari yako inaanza kwenye ofisi ya utafiti ya hospitali unakofanya kazi. Karibu kila hospitali ya NHS inayo, mara nyingi mwisho wa korido ambayo hujawahi kupita.

Ofisi hiyo itakueleza mambo ambayo huwezi kuyabuni mwenyewe. Moja ni kwamba utafiti ndani ya NHS una gharama za aina mbalimbali, na kila aina ina mlipaji wake. Kufanya utafiti wenyewe ni bajeti ya mfadhili. Matibabu ambayo yangeendelea hata baada ya utafiti kwisha hulipwa kwa njia nyingine. Jingine ni kwamba NIHR hulipa hospitali hadi asilimia 100 ya gharama za utafiti zilizokubaliwa, lakini chuo kikuu hulipwa hadi asilimia 80 ya gharama kamili. Nani awe mwenyeji wa mradi ni uamuzi wa fedha pia.

Kisha kuna msaada wa bure. Tangu Oktoba 2023, NIHR ina Huduma ya Kusaidia Utafiti, iliyochukua nafasi ya ile ya awali ya kubuni tafiti. Washauri wake ni watakwimu, wachumi wa afya, wataalamu wa mahojiano na wa ushirikishaji wa umma. Kazi yao ni kukusaidia kabla hujatuma maombi, na hawakutozi kitu. Wafikie miezi kadhaa kabla ya tarehe ya mwisho. Ukiwapelekea rasimu wiki moja kabla, wataweza kukusahihishia sentensi tu, si mpango.

Kwa utafiti wa kwanza, tafuta mwenye uzoefu akubali kuongoza, wewe uwe miongoni mwa waombaji, na jina lako na saa zako ziandikwe. Au pitia njia ya mafunzo: NIHR ina ufadhili maalumu kwa wauguzi, wakunga na wataalamu wengine wa afya wasio madaktari, kuanzia mafunzo mafupi ya kuonja utafiti, maandalizi ya shahada ya uzamivu, shahada yenyewe, na baada yake. Unalipiwa muda wako ili uondoke wodini siku kadhaa bila kupoteza mshahara. Majina ya mipango hiyo hubadilika kila baada ya miaka michache, basi usitafute kwa jina ulilosikia kwa rafiki. Ukiwa na viza, uliza mapema mambo mawili: viza yako inaruhusu nini, na ada ya chuo italipwa kwa kiwango cha mwenyeji au cha mgeni. Tofauti yake inaweza kuzamisha bajeti nzima.

Yale yanayoangaliwa kwenye fomu

Maombi mengi huwa na hatua mbili. Ya kwanza ni fupi, nao huchuja. Waliopita huandika mpango kamili, unasomwa na wakaguzi wa nje, kisha jopo linakaa. Kwenye jopo hilo huwamo wananchi, si wataalamu pekee.

Ndiyo maana muhtasari kwa lugha rahisi una uzito. Wengi huuandika usiku wa mwisho kwa kukata maneno magumu kutoka kwenye ule wa kisayansi. Uandike mwanzo kabisa, ukimweleza shangazi yako mwenye akili timamu ambaye hajasomea afya: tatizo ni lipi, utafanya nini, nani amekushauri, na matokeo yatamfikiaje. Kama una bahati ya kuwa na shangazi wa namna hiyo, mweleze kwa Kiswahili kwanza. Mahali utakaposhindwa kumweleza, mpango wako bado una shimo.

Upande wa bajeti, usiogope kuandika gharama za watu wetu. Mkalimani. Tafsiri ya fomu ya ridhaa, na mtu wa pili wa kuihakiki. Nauli. Mlezi wa watoto wakati mama anahojiwa. Malipo ya wananchi wanaokushauri. Mwombaji mpya huziacha akidhani ombi la bei nafuu litapendwa zaidi. Jopo linaloona "tutawashirikisha jamii za lugha mbalimbali" bila senti moja ya mkalimani litajua kwamba hukukusudia.

Na kupata fedha si ruhusa ya kuanza. Ruhusa ya kimaadili ni maombi mengine, yanayopita kwenye Mamlaka ya Utafiti wa Afya. Weka miezi yake kwenye ratiba.

Kwa mwenye kifaa au programu

Wapo vijana wetu wenye ubunifu: programu ya simu ya kumkumbusha bibi dawa kwa Kiswahili, au kifaa kidogo cha kumgeuza mgonjwa. NIHR ina mpango wa uvumbuzi unaoitwa i4i kwa vifaa vya tiba, vipimo na teknolojia za kidijitali. Lakini kabla ya fomu, mambo mawili ya kisheria.

La kwanza, kwa sheria ya hataza ya Uingereza ya mwaka 1977, uvumbuzi alioufanya mfanyakazi katika majukumu yake ya kawaida kwa ujumla ni mali ya mwajiri. Zungumza na hospitali mapema kuhusu mgawanyo wa faida. La pili, ukishautangaza uvumbuzi hadharani kabla ya kuomba hataza, unaweza kuipoteza haki hiyo. Video ya TikTok ni hadharani. Kundi la WhatsApp la watu mia mbili ambalo hakuna aliyeahidi kutunza siri, nalo ni hatari. Ukitaka kumshirikisha mtu, saini naye makubaliano ya siri kwanza.

Na ile barua ya jumuiya

Sasa namrudia mama yangu aliyeuliza. Mtafiti akija msikitini, kanisani au kwenye jumuiya kuomba barua ya kuungwa mkono, hiyo barua inaambatanishwa na maombi yake, na inampa nguvu mbele ya jopo. Ina thamani. Kabla ya kuiandika, mwulizeni kwa adabu maswali manne.

Umekuja kabla ya kuandika swali lako, au limeshaandikwa na unataka saini? Anayekuja mapema anaweza kubadilisha mpango kwa mliyomwambia. Anayekuja siku tatu kabla ya tarehe ya mwisho hawezi.

Kwenye bajeti tumeandikiwa nini? Ukumbi wetu, muda wa katibu wetu, wakalimani wetu? Kwa miaka mingi mwongozo wa NIHR umekuwa kumlipa mwananchi anayeshauri pauni 25 kwa kazi ya saa moja. Mwombeni awaonyeshe mstari wake. Anayepokea ruzuku za serikali za kujikimu, au mwenye viza yenye masharti ya kazi, apate ushauri kwanza kabla ya kupokea, na anaweza pia kushiriki bila malipo.

Nani wa kwetu yumo kwenye timu kwa jina? Kuna waombaji wanaomweka mwananchi kama mwombaji mwenza. Inaruhusiwa, na inapendwa.

Matokeo yatarudi kwetu lini na kwa lugha gani? Jamii zetu zimechoka kuhojiwa na watu ambao hawakuonekana tena. Ahadi ya kurudi iandikwe kwenye mpango, na iwe na fedha yake.

Akijibu vizuri, mwandikieni barua nzuri, yenye maneno yenu wenyewe. Akisitasita, mwambieni arudi na majibu. Huyo si mtu mbaya, huenda ana haraka tu, lakini haraka yake isiwe mzigo wenu.

Na msisubiri kuombwa. NIHR na hospitali hutafuta wananchi wa kusoma maombi na kukaa kwenye majopo. Si lazima uwe umesoma sayansi. Mama aliyemuuguza mume mwenye kiharusi miaka mitano anajua kitu ambacho hakimo kwenye jedwali la mtakwimu.

Walioko kwingine

Marekani, mfuko mkuu ni NIH, wenye taasisi na vituo 27. Wauguzi wamekuwa na taasisi yao ya utafiti ndani yake, iliyoanza kama kituo mwaka 1986. Moyo wa ombi ni ukurasa mmoja wa malengo, na wakaguzi hutoa alama 1 hadi 9, moja ikiwa ndiyo bora. Kwa ruzuku za kawaida za utafiti, mtafiti mkuu si lazima awe raia, kwa sababu mwombaji ni taasisi yake. Kwa ufadhili wa mafunzo, mara nyingi hutakiwa uraia au ukazi wa kudumu. Soma tangazo la mwaka husika.

Kwa wanaotaka kufanya utafiti nyumbani, NIHR ina mipango ya afya ya dunia inayotumia fedha za misaada ya maendeleo, kwa ushirikiano na taasisi za nchi husika. Taasisi ya nyumbani iwe mshirika kamili tangu mwanzo. Tanzania bara utahitaji kibali cha maadili cha ngazi ya taifa kupitia NIMR, na COSTECH inapohusika. Zanzibar ina taasisi yake ya utafiti wa afya, na Kenya leseni hutolewa na NACOSTI. Pasipoti ya zamani na jina la ukoo havichukui nafasi ya kibali.

Ukikataliwa

Maombi mengi hukataliwa, hata ya wazoefu. Ukipata maelezo ya wakaguzi, yasome, uyaweke siku chache, kisha uyasome tena na mtu mwingine. Tenganisha yale yanayosema "swali si muhimu" na yale yanayosema "njia haijakaa sawa". Ya pili yanatengenezeka, na mipango mingi hutangaza nafasi mpya kila mwaka. Fedha zilizokataliwa mara ya kwanza zimepatikana mara ya pili na wengi niliowaona.

Kwa wanafunzi na wauguzi, kazi ya mwezi huu ni ndogo. Andika sentensi moja yenye watu, jambo, mlinganisho na kipimo. Itafute kwenye machapisho. Kisha uipeleke ofisi ya utafiti ya hospitali yako na uulize nani hapo anafanya kazi inayofanana nayo. Kwa familia, waulizeni wazee wenu ni kitu gani hospitalini hakikuwafaa, na mkiandike kwa maneno yao. Siku mtafiti atakapobisha hodi, mtakuwa na la kumpa kabla hajawapa karatasi ya kusaini.